Mtunzi Asiye na Mswada: King Majuto, Kichekesho na Historia ya Tamthilia ya Kiswahili

Ikisiri

Historia ya tamthilia ya Kiswahili imeandikwa kwa kufuata vitabu. Mtunzi aliyechapisha hutajwa, na aliyetunga kwa kinywa na mwili huachwa nje au huitwa mwigizaji tu. Makala haya yanaeleza maisha na kazi ya Amri Athumani, aliyefahamika kwa jina la King Majuto (1948–2018), ili kuhoji mgawanyo huo. Hoja kuu ni kwamba katika kichekesho cha Kiswahili methali na semi hufanya kazi ambayo katika tamthilia andishi hufanywa na mswada: huamua mhusika, mwelekeo wa tukio na mahali pa kicheko. Anayeichagua methali, akaigeuza na kuipa mwili, ametunga. Makala yanaonesha pia kwamba suala hili linavuka mipaka ya nadharia, kwa kuwa jibu lake limegusa malipo ya wasanii katika soko la filamu la Kariakoo.

Dhana za msingi: kichekesho, futuhi, mtunzi, methali, hakimiliki, hakishiriki

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akiulizwa awataje watunzi wa tamthilia wa Tanzania, atawataja Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Amandina Lihamba, Emmanuel Mbogo na Edwin Semzaba. Orodha hiyo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba haina hata jina moja la mtu ambaye Watanzania wengi zaidi wamemwona akiigiza mchezo alioutunga mwenyewe. Amri Athumani alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1958, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na aliendelea kuchekesha hadi alipofariki mwaka 2018. Miaka 60 ya kazi ni mirefu kuliko umri wa tamthilia nyingi zilizomo katika silabasi zetu.

Utafiti juu ya sanaa za maonyesho za Dar es Salaam haujayapuuza maonyesho ya umma. Siri Lange na Laura Edmondson wameandika kwa kina juu ya vikundi vya utamaduni vya jijini, na Matthias Krings na Claudia Böhme wamechunguza filamu za video za Kiswahili. Kazi hizo zimetoka zaidi katika taaluma za anthropolojia na sanaa za maonyesho. Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, kichekesho kimebaki kando: hutajwa katika aya moja ya utangulizi kama chimbuko, kisha mjadala hukimbilia vitabu. Makala haya yanakirudisha kichekesho mahali ambapo mwanaisimu na mhakiki wa fasihi wanaweza kukitazama pamoja, yaani katika lugha yake.

2.0 Kichekesho: Neno na Utanzu

Nomino kichekesho imenyambuliwa kutoka kitenzi -cheka. Kiambishi cha usababishi kinatupatia -chekesha, na kiambishi tamati -o pamoja na ngeli ya KI-/VI- vinatupatia kitu kinachosababisha kicheko. Neno lenyewe linaeleza utanzu kwa athari yake kwa hadhira. Tamthilia, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba wazo la kufananisha au kuwakilisha jambo. Wahakiki wametumia pia futuhi na ramsa kwa michezo ya kuchekesha, na vijana wa leo husema komedi. Istilahi hizo hazina daraja sawa: futuhi na ramsa hukaa darasani, kichekesho na komedi hukaa mtaani. Mgawanyo huo wa maneno ni dalili ya kwanza ya mgawanyo wa heshima.

Kichekesho kama utanzu kina mizizi kadhaa. Upo utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao huruhusu maneno makali yasemwe bila kuleta ugomvi. Ipo mizaha ya barazani, ambako ufundi wa kujibu hupimwa kila jioni. Ipo michezo mifupi ya shule za kikoloni. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika na taasisi za umma zilianzisha vikundi vya utamaduni, na kichekesho kikapata nafasi ya kudumu katika onyesho lililochanganya ngoma, sarakasi, muziki na maigizo. Katika miaka ya 1980 na 1990, vikundi kama Muungano, kilichoongozwa na Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na John Komba, vilijaza kumbi na baa za Dar es Salaam kwa maonyesho ya namna hiyo.

Utaratibu wa kutunga ulikuwa wa aina moja karibu kila mahali. Wasanii walikubaliana juu ya kisa, wahusika na mwisho, kisha maneno yakazaliwa jukwaani. Hadhira iliyochoka ilifupisha mchezo, na hadhira iliyochangamka iliurefusha. Hakuna aliyeshika karatasi.

Ni muhimu kukumbuka pia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru, kicheko cha pamoja cha Watanzania Bara kilitoka jukwaani na katika Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo michezo yake ya kuchekesha, ikiwemo Pwagu na Pwaguzi, iliwakusanya watu kandokando ya redio moja. Sanaa iliyokulia katika mazingira hayo ilitegemea sikio na kumbukumbu ya msikilizaji. Jambo hilo lina uzito katika uchambuzi unaofuata.

3.0 Maisha na Kazi ya Amri Athumani

Amri Athumani alizaliwa mwaka 1948 mkoani Tanga, na Tanga ilibaki kwao hadi mwisho. Alianza kuigiza akiwa mtoto. Kazi yake yote inaweza kusomwa kama historia ya vyombo vya mawasiliano nchini: alianza jukwaani, akawa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo nchini ambao vichekesho vyao vilirekodiwa na kuuzwa katika kanda za video, akaingia katika filamu za VCD na DVD na katika matangazo ya biashara, na sasa vipande vya kazi zake vinazunguka katika simu za watu ambao hawakuwahi kumwona jukwaani.

Mhusika aliyemjenga hakubadilika sana kutoka chombo kimoja hadi kingine. Alikuwa mzee wa Kipwani, mbishi, mwepesi wa hasira, anayedai heshima ya umri wake huku matendo yake yakiivunja heshima hiyo. Humo ndimo ulimokuwa uchekeshaji wake. Katika jamii ambayo shikamoo ni wajibu, mzee anayejidhalilisha mwenyewe huwapa vijana nafasi ya kucheka bila kuvunja adabu. Hawamcheki mzee, wanamcheka mtu aliyeshindwa kuwa mzee.

Katika miaka ya mwisho ya 2000 na mwanzo wa 2010, Majuto alioanishwa na wachekeshaji wa kizazi kipya. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Hussein Mkiety, maarufu kwa jina la Sharo Milionea, aliyefariki katika ajali ya gari wilayani Muheza mnamo Novemba 2012. Sharo aliigiza sharobaro: kijana mtanashati, mwenye mikogo na maneno ya Kiingereza mdomoni, na mfuko usiolingana na mavazi. Kumweka kijana huyo mbele ya mzee wa Majuto kulitosha kuzalisha mchezo. Kila mmoja alikuwa na madai yasiyo na msingi: mmoja alidai busara, mwingine alidai utajiri.

Mwaka 2018 Majuto aliugua kwa muda mrefu, akapelekwa India kwa matibabu, na akafariki tarehe 8 Agosti katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Alizikwa Tanga. Rambirambi zilitoka kwa viongozi wa serikali na kwa watu wa kawaida nchini na nje ya nchi. Zilimwita msanii, mwigizaji, mchekeshaji, nguli. Neno mtunzi halikuwa miongoni mwa sifa zilizozoeleka kumhusu.

4.0 Methali kama Mswada

4.1 Majina

Uchambuzi uanzie kwenye majina, kwa kuwa mchekeshaji wa Kiswahili huanza kutunga anapojiita. Jina King Majuto lina sehemu mbili zinazovutana. King ni neno la Kiingereza la mamlaka na fahari. Majuto ni nomino ya Kiswahili inayotumika katika wingi pekee, nayo humwita msikilizaji aikumbuke methali majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mfalme anatawala, majuto yanamfuata. Kabla mhusika hajafungua mdomo, hadhira imekwisha kuambiwa kwamba mtu huyu atajikweza na kwamba kujikweza huko kutamgeukia. Kisa chote kimo ndani ya jina.

Mbinu hii haikuwa yake peke yake. Marehemu Said Ngamba, aliyefariki mwaka 2014, alijiita Mzee Small, jina linalounganisha ukubwa wa umri na udogo kwa kutumia lugha mbili. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walitoka moja kwa moja katika methali pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hukutana na mwizi aliyemzidi. Msikilizaji aliyeijua methali hiyo alijua mwisho wa kila kipindi kabla hakijaanza. Alichosubiri ni njia ya kufika huko.

Tukigeukia tamthilia zilizochapishwa, tunakuta mbinu ileile. Mchezo wa Ebrahim Hussein wenye jina Alikiona, uliotoka katika kitabu chake Michezo ya Kuigiza (1970), umechukua jina lake katika usemi wa kukiona cha mtema kuni, nao unasimulia kisa cha mke anayemdanganya mumewe, kisa ambacho hadhira ya vichekesho vya mjini ilikifahamu vyema. Wakati Ukuta, uliomo katika kitabu hichohicho, ni methali iliyokatwa katikati: wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Edwin Semzaba katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988) alimpa karani wake wa kuhesabu watu jina linalotoka katika methali ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Karani huyo anazama katika mapenzi na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, mwenyeji wake. Makaratasi ya sensa yanaishia motoni, na kazi ya taifa zima inaharibika. Methali inashauri mambo ya Ngoswe aachiwe mwenyewe; tamthilia inaonesha kwamba mambo ya Ngoswe yanatugusa sote. Kicheko na fundisho vimetokana na kuigeuza methali.

Kwa hiyo, msanii wa jukwaani na mwandishi wa kitabu wanachota katika kisima kimoja na kwa kata moja. Wanaachana baadaye: mmoja anachukua kalamu, mwingine anaingia jukwaani.

4.2 Methali katika ujenzi wa tukio

Ili kuona namna methali inavyofanya kazi ya mswada, tuchukue mfano uliobuniwa hapa kwa ajili ya ufafanuzi. Tuseme kichekesho kinatokea Feri, Dar es Salaam, katika soko la samaki. Mzee amekuja kununua nguru. Kijana muuzaji anamjibu bila adabu. Mzee anawageukia watazamaji na kutikisa kichwa: "Ndiyo maana wazee walisema, samaki mkunje…" Ananyamaza. Ukumbi unamalizia: "Angali mbichi!" Kijana, aliyeyapokea maneno kama agizo la mteja, anamchukua nguru aliyetoka kwenye barafu na kumkunja kwa nguvu zake zote. Samaki anakatika vipande viwili. Kijana anadai alipwe bei ya samaki mzima. Mzee anapiga kelele kwamba alikuwa anazungumza juu ya malezi. Kijana anamjibu kwa upole: "Mzee wangu, wewe umetaja samaki. Tena huyu ni mbichi, ila hakunjiki, jana alilala kwenye barafu."

Tukio hili lina hatua tatu. Kwanza, methali inaanzishwa na mhusika mwenye mamlaka. Pili, inamaliziwa na hadhira, ambayo kwa kufanya hivyo inakuwa mshiriki katika utungaji. Tatu, inageuzwa: maana ya kitamathali inarudishwa kuwa maana ya wazi, na mazingira mapya yanaikadhibisha hata hiyo maana ya wazi. Methali ilizaliwa katika ulimwengu ambao samaki mbichi alikunjika. Soko lenye barafu limebadili ukweli huo. Mzee anabaki na hekima isiyomfaa na deni la samaki aliyekatika.

Victor Raskin (1985) ameeleza kwamba kichekesho huzaliwa pale matini moja inapobeba picha mbili zinazokinzana, na msikilizaji akalazimika kuhama ghafla kutoka moja hadi nyingine. Nadharia hiyo inaeleza vizuri hatua ya tatu. Haielezi vizuri hatua ya pili, kwa kuwa inamchukulia msikilizaji kama mpokeaji. Katika kichekesho cha Kiswahili, nusu ya matini imo tayari vinywani mwa hadhira. Msanii anaandika, kwa maana pana ya neno hilo, juu ya karatasi ambayo jamii imekwisha kuijaza. Ndiyo maana hahitaji mswada: mgawanyo wa maneno, mahali pa kunyamaza na mahali pa kicheko vimo ndani ya methali yenyewe. Anachohitaji ni kujua ni ipi, lini, na aigeuze upande gani.

Ujuzi huo si mdogo. Methali zilizokusanywa katika kamusi zetu ni maelfu, na nyingi haziwezi kubeba tukio. Methali inayofaa kichekesho sharti iwe na sehemu mbili zinazotenganishika, iwe na taswira inayoweza kuonekana kwa macho, na iwe inajulikana na watu wengi kiasi cha kumaliziwa kwa sauti moja. Anayeziteua ndani ya sekunde chache mbele ya watu mia tano anafanya uamuzi uleule ambao mwandishi anaufanya mezani kwa wiki nzima.

4.3 Lahaja na rejesta

Methali ni mhimili, lakini haisimami peke yake. Mzee wa Majuto alizungumza Kiswahili chenye lafudhi na mwendo wa Pwani, na msamiati wa mtu aliyelelewa barazani na msikitini. Sharo alizungumza Kiswahili cha kijiweni, akimalizia sentensi kwa neno la Kiingereza. Wawili hao walipogombana, hadhira ilisikia rejesta mbili zikishindania haki ya kuitwa Kiswahili cha mjini. Mzee alikuwa na lugha bila ushawishi. Kijana alikuwa na ushawishi bila lugha. Katika jiji ambalo wahamiaji wa mikoani hufika wakiwa na lafudhi zao, na ambalo matamshi ya mtu hutangaza kwao kabla hajajitambulisha, ugomvi huo ulikuwa na maana kubwa kwa wasikilizaji.

Haki inataka pia upungufu utajwe. Vichekesho vingi vya Kiswahili hutegemea dhihaka kwa wanawake, kwa watu wa vijijini, kwa wenye ulemavu, na kwa wazungumzaji ambao lugha zao za kwanza huacha athari katika Kiswahili chao. Lafudhi ya mtu wa bara hugeuzwa kuwa ushahidi wa ujinga. Kazi za Majuto hazikuepuka mazoea hayo, na mke mkorofi au mke anayedanganywa ni mhusika wa kudumu katika utanzu wote. Upungufu huo ni sababu mojawapo ya kuufanyia utanzu uhakiki wa kweli. Tamthilia andishi zimehakikiwa kwa miongo kadhaa kuhusu namna zinavyomchora mwanamke, na waandishi wamejifunza kutokana na uhakiki huo. Kichekesho hakijapewa hata heshima ya kulaumiwa kitaaluma.

5.0 Mswada, Dola na Soko

Tatizo la mtunzi asiye na mswada halikuanzia Afrika Mashariki. London ya karne ya 18 ilikuwa na Samuel Foote (1720–1777), mtunzi na mwigizaji aliyeogopwa kwa ulimi wake na kwa uwezo wake wa kuwaigiza watu mashuhuri. Sheria ya mwaka 1737 ilitaka kila mchezo mpya uwasilishwe kwa afisa wa kasri ya mfalme kabla ya kuoneshwa. Mwaka 1747 Foote alijibu kwa kuwaalika wateja wake kuja kunywa chakuleti au chai, huku onyesho likiwa sehemu ya ukaribisho. Alifanya hivyo kwa sababu alifahamu kuwa mswada ni chombo cha dola pia: kilichoandikwa kinaweza kukaguliwa. Michezo yake iliyochapishwa leo husomwa na wachache, kwa kuwa uchapishaji ulihifadhi maneno na kuacha sauti na uso. Hata hivyo, Uingereza inamhesabu miongoni mwa watunzi wake. Italia imekwenda mbali zaidi: Dario Fo, mwigizaji aliyejenga sanaa yake juu ya mapokeo ya wachekeshaji wa mitaani, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1997.

Nchini kwetu, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka maonyesho chini ya utaratibu wa vibali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyounda Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, ilitenganisha makundi mawili ya haki. Hakimiliki ni ya mtunzi wa kazi. Hakishiriki ni ya wale wanaoifikisha kazi kwa umma: waigizaji, watayarishaji wa rekodi na watangazaji. Mgawanyo huo ni wa kimataifa na una mantiki yake. Lakini unapokutana na kichekesho, unauliza swali ambalo historia ya fasihi haijalijibu: mtu aliyebuni mhusika, maneno na mwendo wa kisa, kisha akavicheza mwenyewe, yumo katika kundi lipi? Kwa mantiki ya hoja yetu yumo katika yote mawili. Kwa mazoea ya soko, aliwekwa katika moja, tena mara nyingi bila haki zote za kundi hilo.

Soko lenyewe lilikuwa Kariakoo. Mtaa huo, ambao jina lake linatokana na jeshi la wapagazi wa Kiafrika la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndio uliokuwa kitovu cha biashara ya jumla ya kanda, VCD na DVD. Wafanyabiashara wa mikoani walifika kununua kwa katoni na kusafirisha hadi Mwanza, Mbeya, Lubumbashi na Bujumbura. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa mwenye filamu kuiuza kwa msambazaji kwa mkupuo, nakala mama pamoja na haki zake, kwa malipo ya mara moja. Waigizaji walilipwa kwa siku au kwa filamu. Kazi ikiuzwa nakala elfu moja au laki moja, malipo yalibaki yaleyale. Mwaka 2013 serikali ilianza kubandika stempu za kodi katika kazi za filamu na muziki, hatua iliyolenga uharamia na mapato ya kodi. Suala la nani ni mtunzi lilibaki palepale.

Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake lilizungumzwa hadharani, na wizara yenye dhamana ya sanaa ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Taifa lilishangaa kuona kwamba mtu aliyewachekesha watu kwa miaka 60 alihitaji msaada ili atibiwe. Mshangao huo ulielekezwa zaidi kwenye tabia za watu: nani alimdhulumu nani. Mtazamo wa makala haya ni kwamba chanzo kimojawapo ni cha kidhana. Mkataba unaomlipa msanii kwa siku unamchukulia kama kibarua wa sauti na mwili. Dhana hiyo haikubuniwa na wafanyabiashara. Vitabu vya historia ya fasihi, silabasi na mihadhara vimekuwa vikiirudia kwa miongo kadhaa vinaposema kwamba mtunzi ni aliyeandika, na aliyebaki ni mwigizaji.

Hoja moja inaweza kuletwa kinyume na mtazamo huu: methali ni mali ya jamii, kwa hiyo aliyejenga kichekesho juu ya methali hakutunga kitu chake. Hoja hii inajibiwa na vitabu vyenyewe. Hussein hakuibuni methali ya wakati na ukuta, wala Semzaba hakuibuni ya Ngoswe, na hakuna anayeshuku kwamba ni watunzi. Malighafi ya umma haifuti utunzi wa mtu binafsi; lugha yenyewe ni malighafi ya umma. Hoja nyingine ni kwamba kichekesho hutungwa na kikundi, hivyo hakina mwenyewe. Hilo ni kweli kwa sehemu, na jibu lake ni kuwataja watunzi wote waliohusika. Kufuta jina la kila mmoja hakutatui lolote. Harakati za Ukombozi (1982) ni kazi ya watunzi watatu, Lihamba, Muhando na Balisidya, na majina yote matatu yamo juu ya jalada.

6.0 Hitimisho

Kazi ya King Majuto inatufundisha kwamba mswada ni njia moja ya kuhifadhi utunzi, na kwamba kabla ya karatasi Kiswahili kilikuwa na njia yake: methali inayoishi vinywani mwa watu, ikisubiri msanii wa kuigeuza. Tukilikubali hilo, mambo matatu yanafuata. Kwanza, rekodi za vichekesho katika kanda za video na katika maktaba za redio zinukuliwe kwa maandishi na kufafanuliwa, maana kanda za sumaku zinaharibika na waliozicheza wanaendelea kutuaga. Hii ni kazi inayowafaa wanafunzi wa uzamili, na ni kazi ya isimu kama ilivyo ya fasihi. Pili, silabasi ya tamthilia ivifundishe vichekesho sambamba na Alikiona na Ngoswe, ili mwanafunzi aone kisima kimoja na kata mbili. Tatu, wataalamu wa Kiswahili washiriki katika mijadala ya mikataba na sheria, kwa kuwa swali la nani ni mtunzi ni letu kabla ya kuwa la mawakili.

Amri Athumani alichagua jina linalotukumbusha kwamba majuto huja baadaye. Wachekeshaji wa kizazi chake waliobaki hai wanaweza bado kuhojiwa, na wa kizazi kinachofuata wanaweza bado kusaini mikataba inayowataja kuwa watunzi wa kazi zao.